Mlango Namba Nne

Songo, Uvira, tarehe 9 Agosti

Kwako kaka yangu mkubwa, yaya Kizito,

Pokea salamu zangu, za mdogo wako uliyemfundisha kuogelea na kuendesha baiskeli. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Annie na watoto, na kwamba kile kikohozi kilichowashika wote mwezi uliopita kimewaachia. Sisi huku tupo. Ziwa limerudi nyuma kidogo, na wale majirani wa chini waliokuwa wamehamia kanisani wameanza kurudi kwao kusukuma matope. Ndagala wamepatikana wiki hii, nyumba nzima inanuka samaki wa kukaanga. Shule imefungwa, na mwilini sina ugonjwa wowote wa kukupa taarifa.

Najua utashangaa kuandikiwa wakati tunaongea kwa simu kila Jumapili. Nimempa barua Abdoul-Karim, yule muuza vikwembe ambaye Baba alimtibu mguu, kwa sababu anashuka kwa meli hadi Kalemie na ameniahidi kuitia mkononi mwako mwenyewe. Kwa simu nimejaribu mara nne. Kila ukiniitikia, naishia kukuuliza habari za mvua.

Wiki mbili zilizopita Annie alinipigia bila wewe kujua. Usimkasirikie. Alisema tangu mwezi wa tatu hulali. Alisema ulileta nyumbani betri ya aina ileile uliyoweka kwenye kisanduku cha alarmu yetu, ukaiunga kwenye taa ndogo, ukakaa kitini na kuhesabu saa mpaka taa ikazimika, kisha ukalia mbele ya watoto. Annie hakuelewa. Mimi nilielewa.

Ndiyo maana nakuandikia. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu yeyote.

Unakumbuka Noeli ya mwaka juzi ulivyotuletea ile alarmu, baada ya wezi kuingia na kubeba televisheni pamoja na redio ya Baba. Uliifunga mwenyewe, siku mbili, huku Baba akikushikia ngazi na kukuita kwa jina la marehemu baba mdogo. Uliniandikia namba kwenye karatasi na kuibandika ukutani: moja mlango wa mbele, mbili dirisha la salon, tatu dirisha la jikoni, nne mlango wa nyuma, ule ulio karibu na chumba cha Baba. Wezi hawakurudi tena. Aliyekuwa akiamsha king'ora ni Baba.

Kwa simu tulikuwa tunakuambia kwamba amezeeka, anasahau. Hatukukuambia yote. Alikuwa anaamka asubuhi, anavaa lile koti lake jeupe la uganga, anachukua mfuko wake na kuelekea mlango wa nyuma. Ukimuuliza anakokwenda, anakujibu kwa upole kabisa: "Iko wagonjwa wananingoja." Alikuwa Lemera, yaya, kwenye ile hospitali yake ya mlimani. Kichwani mwake hakuwahi kustaafu. Alikuwa bado kijana anayepanda mlima kwenda zamu.

Mimi nilikuwa namvuta mkono. Mapendo hakumvuta hata siku moja. Wewe ulimwona Mapendo mara mbili tu, na ningependa umjue. Ni mjane wa Sange, ana miaka arobaini na kitu, aliishi nasi miaka mitatu akimwangalia Baba. King'ora kikilia kwenye namba nne, alikuwa anakwenda taratibu, anasimama mbele yake kama msaidizi wa hospitali na kumwambia: "Muganga, zamu yako ingali bado. Mwenzako angali kule, pumzika kidogo." Basi Baba anashukuru, anarudi kitandani na kuketi. Alikuwa anamtii kuliko alivyotutii sisi watoto wake.

Kisha ikaja ile mvua. Mto ulishuka na nguzo za umeme, na tukakaa gizani siku kumi na nane. Betri ya alarmu ilikufa siku ya pili, kama ulivyokuwa umetuonya. Mapendo akahamisha kiti chake, akakiweka kwenye mlango wa nyuma. Pale alichambua majani ya sombe, pale alikula, pale alisali. Akilala, alikuwa anafunga ncha ya kikwembe kwenye kitasa na ncha nyingine kwenye mkono wake. Siku kumi na nane, na Baba hakupita.

Umeme ulirudi Alhamisi, saa tatu asubuhi. Nilikuwa nyumbani kwa sababu maji yalikuwa yameingia madarasani siku iliyotangulia. Mtaa mzima ulipiga kelele, "Kuran imekuja!" na watoto wakakimbia barabarani kama siku ya uhuru. Nami nilikimbia kuweka simu kwenye chaji, kisha nikaenda kwenye kisanduku cha alarmu. Taa zote zilikuwa zimewaka.

Hazikupita dakika nyingi, king'ora kikalia. Namba nne ilikuwa nyekundu. Nilikimbia mpaka mlango wa nyuma nikaukuta umefungwa, komeo limeshuka, hakuna mtu. Baba alikuwa ameketi kitandani kwake, ameziba masikio. Niliingiza ile namba ya siri, kikanyamaza. Baada ya muda kikalia tena, namba nne tena, na mlango tena umefungwa. Nilifanya kila ulichonifundisha. Nilifungua mlango na kuufunga mara tano nikitazama kama taa inafuata, na ilifuata vizuri. Nilifuta kile kipande cha sumaku kwa kitambaa, nikabana waya uliokuwa umelegea pembeni. Nikaona kutu kidogo nikasema moyoni, haya, ni unyevu wa mvua. Kikalia mara ya tatu. Nilipiga simu yako, haikupita. Nikampigia Marcellin, yule fundi wa redio na televisheni kule Mulongwe.

Marcellin aliniambia nisiogope. Alisema baada ya umeme kukatika muda mrefu hivi, betri inakuwa imekauka kabisa na umeme wenyewe unaingia kwa kurukaruka, ndiyo mashine inachanganyikiwa. Niiache inywe umeme mpaka jioni. Yeye angepita kesho yake.

Yaliyofuata uliyasikia. Uliambiwa kwamba baada ya kulia mara tatu alarmu ilikufa, kwa sababu betri ilikuwa tupu. Uliambiwa Mapendo alikuwa ameacha mlango akaenda zake sokoni. Uliambiwa Baba alitoka peku, na kwamba ndiyo maana majirani wote walikimbilia ziwani, maana mzee asiye na viatu hawezi kwenda mbali, na maji yalikuwa yamefika kwenye nyumba za watu. Vijana waliingia majini kwa kamba. Wavuvi wa Kalundu walizunguka na mitumbwi Alhamisi nzima na Ijumaa nzima. Wewe ulikuwa Kalemie unatafuta meli, unanipigia kila baada ya nusu saa, nami nakujibu kwamba bado tunatafuta majini.

Jumamosi ndipo ikaja habari kutoka milimani. Baba hakuwahi kwenda ziwani. Alitembea mpaka Kavimvira, akasimama kwenye kituo cha basi dogo linalokwenda Sange. Dereva alipoona mzee mwenye koti jeupe na mfuko wa dawa, alimpa kiti cha mbele. Pale Sange aliuliza njia ya miguu ya kupanda Lemera, na watu wakamwonyesha kwa heshima. Mama mmoja anayeitwa Spès, anayelima muhogo kwenye mteremko wa kwanza, alimpa maji. Aliniambia mwenyewe siku ya maziko kwamba Baba alimshika mtoto wake paji la uso, akamtazama macho, akamwagiza achemshe maji kabla ya kumpa. Kisha akasema amechelewa zamu, akaendelea kupanda. Mama Spès hakuona kosa lolote. Angeona kosa gani kwa mganga?

Mvua ilinyesha Alhamisi jioni na Ijumaa. Walimkuta ameegemea ukingo wa njia, mfuko magotini. Ulimwona mwenyewe katika sanduku, sina haja ya kukueleza. Utakumbuka kwamba alikuwa na viatu miguuni, vile vyeusi vya kamba, na watu walishangaa, wakasema bila shaka msamaria fulani njiani alimvisha.

Siku ya maziko mzee wa kanisa alisimama akasema habari za walinzi wanaolala, na wote wakageuka kumtazama Mapendo. Siku ya tatu ulimwambia, ukiwa na uchungu wako, achukue vitu vyake. Aliondoka na mfuko mmoja. Hakuniaga.

Yaya, sasa nafika pale ninapopaogopa.

Mapendo hakuacha mlango. Nilimtuma mimi. Umeme uliporudi nilifurahi, nikamwambia aende sokoni anyooshe miguu, leo alarmu ipo. Alisita. Aliniuliza kama si vizuri tungoje kwanza tuone inafanya kazi sawasawa. Nilimwambia aende tu, asinizidishie wasiwasi. Alikwenda kwa amri yangu. Kesho yake uliponiuliza kwenye simu nani alimruhusu, nilikujibu: "Sikumwona akitoka." Maneno mawili. Ni hayo yaliyomfukuza.

Na alarmu haikufa. Marcellin, baada ya kuniambia habari za betri, aliniambia pia kwamba kama namba fulani inasumbua sana, naweza kuitoa pembeni kwa muda: niingize namba ya siri, nyota, kisha ile namba. Lakini alinionya mara mbili. "Angalia kwanza, dada, kama hakuna mutu anaufungua mulango." Nikamjibu nimeangalia.

Nilikuwa nimeangalia mlango. Baba sikumwangalia. Mara ya tatu nilipoingia chumbani kwake, alikuwa ameketi vilevile na mikono masikioni, anatetemeka, machozi yanamtoka kwa ile kelele. Na miguuni alikuwa na viatu. Vile vyeusi. Vimefungwa kamba. Niliviona, Kizito. Macho yangu yalitua juu ya vile viatu na yakaondoka. Alikuwa anafungua mlango, king'ora kinalia, anaogopa, anaufunga na kushusha komeo kama mtu mwenye adabu, anarudi kuketi kabla sijafika. Mara tatu. Mashine ilikuwa inasema kweli kila mara, na mimi nilikuwa nasugua sumaku kwa kitambaa.

Nilirudi kwenye kisanduku nikaitoa namba nne. Taa ikawa ya kijani. Nyumba ikatulia. Nilimwambia Baba, kelele imekwisha, pumzika. Akaniambia asante, mama.

Unataka kujua nilichofanya baada ya hapo? Nilipiga pasi. Siku kumi na nane nilikuwa nimevaa nguo zenye mikunjo mbele ya wanafunzi, na Jumamosi ile palikuwa na arusi ya Irakoze, mwalimu mwenzangu. Niliweka pasi kwenye umeme, nikawasha redio ya simu, nikanyoosha ile robo yangu, gauni la bluu, mikono, kola, mikunjo ya nyuma, polepole. Niliimba. Ilikuwa kama dakika arobaini, na nilikuwa na furaha. Mungu anajua tangu mama afe sijawahi kuwa na furaha ndani ya nyumba ile kama dakika zile arobaini.

Nilipokwenda kumpelekea chai, kitanda kilikuwa kitupu na mlango wa nyuma uko wazi.

Kabla sijaita jina lake, kabla sijatoka nje, niliufunga mlango, nikarudi kwenye kisanduku nikaiingiza namba nne tena. Mikono yangu ilifanya hivyo yenyewe, siwezi kukuambia niliwaza nini. Ndipo nikatoka nikipiga mayowe. Majirani walikuwa wamesikia king'ora kikilia mara tatu kisha kimya, wakasema wenyewe kwamba mashine imekufa na betri. Sikusema ndiyo, sikusema hapana.

Kisha wakaniuliza alivaa nini. Lile koti jeupe hatukujua kwamba alilitwaa, lilikuwa linatundikwa nyuma ya mlango na hakuna aliyetazama pale. Lakini viatu nilijua. Nikaona kwamba nikisema viatu, mtu ataniuliza: uliona amevaa viatu ukamwacha? Nikasema nilimwacha peku.

Umeelewa, yaya? Watu waliniamini wakaenda majini. Hakuna aliyekwenda kwenye kituo cha basi. Dereva yule wa Sange alirudi Kavimvira Alhamisi ileile adhuhuri, angeulizwa angesema. Baba alikuwa hai Alhamisi. Mama Spès anasema muganga aliyekagua maiti alimwambia pengine alikuwa hai mpaka Ijumaa. Tulikuwa tunavuta kamba ziwani, na yeye alikuwa anapanda mlima kwenye mvua.

Ijumaa ile Marcellin alikuja kama alivyoahidi. Alipima waya wa namba nne, akapima sumaku, akafungua na kufunga mlango, akasema hakuna hitilafu. Aliniuliza, bila kunitazama, kama nilikuwa nimeitoa pembeni. Nikamwambia hapana. Alifunga vifaa vyake, akakataa chai.

Baada ya simu ya Annie nilikwenda Sange kumtafuta Mapendo. Nilimkuta anapalilia mpunga wa mtu. Nilisimama kwenye tuta nikamwambia yote, huku miguu yangu inazama. Hakuinuka mpaka alipomaliza mstari wake. Kisha akasema: "Minye nilijua."

Alisema siku ile aliporudi kutoka sokoni aliona taa ya kijani, mashine haikufa, akaona pasi ingali moto na robo iko juu ya kiti, akaelewa. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu: "Nani angenisikia? Muko bantu ba famiya. Minye nilikuwa wa kazi. Nilikungoja weye useme. Siku tatu nilikungoja, nakutazama, na weye unatazama chini."

Aliniuliza nani alimwosha Baba. Nikamwambia. Akauliza kama kuna mtu alimwambia kwamba zamu yake imekwisha. Nikasema hakuna. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kashika jembe, na wanawake wenzake wakasimama kututazama. Alisema pale Sange wanamwita yule aliyempoteza muganga, na kwamba Baba alipita hatua mia mbili kutoka nyumba anayoishi dada yake yeye Mapendo.

Nilimwomba arudi. Akakataa. Nilimuuliza nimfanyie nini. Akasema hataki kitu kutoka kwangu ila kimoja, nikaseme palepale paliposemwa.

Basi keshokutwa, Jumapili, baada ya matangazo, nitasimama kanisani. Mchungaji amejaribu kunishauri tuyamalize ndani ya familia. Nimemwambia kosa halikusemwa ndani ya familia. Utakapokuwa unasoma haya, litakuwa limekwisha kusemwa, na Songo yote itakuwa inajua mimi ni nani.

Wewe nakuomba mambo mawili. Utakapokuja mwisho wa mwezi kuondoa matanga, mwendee Mapendo kwanza, umwombe msamaha kwa sehemu yako, na umwalike akae upande wetu sisi watoto wa Baba. La pili, lala. Betri yako ilikuwa nzima. Uliiweka vizuri, waya zako zilikuwa sawa, sumaku ilikuwa sawa. Ulimlinda Baba ukiwa kule Kalemie kuliko nilivyomlinda mimi nikiwa chumba cha pili.

Msamaha wangu sikuombi sasa, sijui hata ningeutia wapi. Chumba chako nimekwisha kukifagia. Ukiona huwezi kunikuta nyumbani, mwambie Abdoul-Karim neno moja tu, nitahamia kwa mamkubwa Generose mpaka uondoke, na kaburini nitasimama nyuma.

Mbusu Annie kwa niaba yangu, mwambie alifanya vema kunipigia. Wape watoto salamu za shangazi yao, na usiwaambie haya mpaka wakue. Bwana akuvushe ziwa salama.

Ni mimi niliyekuwa nyumbani siku ile,

mdogo wako,
Élisabeth